Tabia ya Wazazi katika Malezi ya Watoto

Siku wazazi wanapomleta mtoto mchanga kanisani abatizwe, Padre huwapokea mlangoni, akawauliza jina la mtoto na jambo wanalolitaka kwa Kanisa la Mungu. Wakiisha kujibu, huwakumbusha kwamba kwa kuomba Ubatizo wamejitwika kazi ya kumlea yule mtoto katika imani, apate kushika amri za Mungu na kumpenda Mungu na jirani; kisha huwauliza kama wanaitambua kazi hiyo. Wazazi hujibu ndiyo. Ni neno moja tu, tena hutamkwa upesi, maana mtoto analia na jamaa wamesimama nyuma wakingoja.

Mkatekumeni wa Buluo, karibu na mji wa Likasi katika mkoa wa Katanga ya Juu, akiulizwa na katekista maana ya kumlea mtoto katika imani, aweza kujibu kwamba ni kumfundisha Ishara ya Msalaba, Baba Yetu na Salamu Maria, kumpeleka Misa Dominika, na kumtia katika mafundisho umri wake ukitimia. Jibu hilo ni jema, ila halijatimia. Kabla mtoto hajajua kutamka Baba Yetu, amekwisha kumjua baba yake mwenyewe. Hajafika hata miaka mitatu, naye huijua sauti ya mlango: ukifunguliwa hivi, baba ametulia, ukisukumwa hivi, afadhali kunyamaza. Huijua hatua ya mama arudipo sokoni na kapu lake, kama biashara ilikuwa njema au mbaya. Mambo hayo hakuna mtu aliyemfundisha. Ameyasoma mwenyewe, maana mtoto hana kitabu kingine ila nyuso za wazazi wake.

Na siku katekista atakapomwambia kwamba Mungu ni Baba, mtoto atalipokea neno hilo na kulitia katika chombo alicho nacho tayari, yaani baba anayemjua. Ikiwa baba huyo ni mtu wa kuogopwa tu, Mungu naye atakuwa wa kuogopwa tu. Ikiwa ni mtu wa kuahidi asitimize, mtoto ataambiwa ahadi za Mungu, naye atazisikiliza kama asikilizavyo ahadi za viatu vya Noeli. Katekista hodari aweza kutengeneza neno hilo baadaye, lakini kwa jasho.

Tabia inayosemwa hapa si mwenendo peke yake. Mwenendo ni jambo alitendalo mtu. Tabia ni upande ule ambao moyo wake huelekea wenyewe, kama maji yaelekeavyo bondeni. Waganga wa Wayunani wa kale waliwagawa watu katika mafungu manne: wepesi wa hasira, wachangamfu, wenye majonzi, na wazito watulivu. Wataalamu wa siku hizi wameuacha mgawanyo huo. Wao hupima mambo matano, yaani uchangamfu mbele za watu, upole, bidii yenye utaratibu, wepesi wa kupokea mambo mapya, na wepesi wa kuhangaika. Majina yamebadilika, lakini mama mkwe yeyote aliyekaa mwaka mmoja na mkwewe angeweza kuwaeleza sehemu kubwa ya habari hiyo.

Historia ya Likasi yenyewe yatoa mfano mkubwa. Mji huo, ulioitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, ulikua kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, kwanza iliwaajiri wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikaona ni afadhali mfanyakazi akae kambini na mke na watoto wake. Basi ikajenga nyumba na hospitali, shule zikafunguliwa pamoja na wamisionari, na posho ikagawiwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Baba akawa mkubwa nyumbani mwake wala hakulazimika kueleza kwa nini, kwa kuwa nyumba ilikuwa kwa jina lake, posho kwa jina lake, na mshahara kwa jina lake. Mwaka 1967 mali ya kampuni ikaingia mikononi mwa Serikali, ikaja kuitwa Gécamines, na utaratibu ule ukaendelea. Lakini baada ya mwaka 1990 kazi ikaanguka. Mishahara ikachelewa mwezi mmoja, kisha miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha mara moja tu, zikaisha. Mama wakashika biashara sokoni na jembe shambani. Watoto wengi wakaenda kuokota na kuosha mawe ya madini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu kizima juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba zao, akaonyesha jinsi mamlaka ya baba katika nyumba za wafanyakazi yalivyopanda pamoja na kampuni na kushuka pamoja nayo.

Jambo la kuangaliwa na mkatekumeni ni hili: mshahara ulipoondoka, kilichobaki nyumbani ni tabia. Na wafikiriwe wanaume wawili waliotoka kazini siku moja, wenye fedha sawa na watoto sawa. Wa kwanza, mtu mwenye haya na majivuno, aliona kila tonge la bukari lililonunuliwa na mkewe kuwa ni tusi. Akaanza kula peke yake, kisha kurudi usiku, kisha kuwapiga watoto kwa kosa la kumtazama. Wa pili alikuwa mtu wa mzaha tangu ujana wake. Alilia siku mbili, ya tatu akamwita mwanawe wa kwanza, wakaenda kulima mihogo, na njiani akamsimulia jinsi alivyofukuzwa shuleni mara mbili. Watoto wa nyumba hizi mbili walilala na njaa ileile miezi mingi. Lakini hawakulelewa sawa. Wa kwanza walijifunza kwamba mtu akianguka huwaangukia wengine. Wa pili walijifunza kushika jembe. Si kwamba yule wa kwanza hakuwapenda wanawe. Huenda aliwapenda kuliko mwenzake, na aibu yake ilikuwa kubwa kwa sababu hiyo. Ila upendo wake ulipitia katika tabia yake, ukatoka umegeuka.

Hasira ya baba ndiyo tabia inayosemwa mara nyingi, na Kanisa lina habari yake tangu zamani, tena habari ya Afrika. Mtakatifu Agustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ulio leo katika nchi ya Algeria. Baba yake aliitwa Patrisi, mtu mwenye moyo wa ukarimu na hasira ya moto pamoja. Tena, jambo ambalo wakatekumeni wengi hawalijui, huyo Patrisi alikuwa mkatekumeni kama wao: mwanawe alipokuwa na miaka kumi na sita hivi, baba ndiyo kwanza ameanza mafundisho. Alijinyima apate kumpeleka mwanawe kusoma mbali, hata watu wa mji wakamsifu, maana matajiri kumliko yeye hawakufanya hivyo. Lakini katika maungamo yake Agustino aeleza kwa uchungu kwamba baba huyo aliangalia tu mwanawe awe msemaji hodari. Kama moyo wake ulikuwa safi au mchafu, hakuuliza. Asimulia pia kwamba alipokuwa mdogo alipigwa sana na walimu, akaja nyumbani, na watu wazima, hata wazazi wake ambao hawakumtakia mabaya, wakacheka. Alikuwa askofu mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi alipoyaandika hayo, na kicheko kile hakijamtoka bado.

Mama yake, Mtakatifu Monika, aliijua hasira ya mumewe tangu mwanzo. Wanawake wa mji ule walikuwa na alama za mapigo usoni, wakashangaa kwamba yeye hana, ilhali mumewe ajulikana kwa ukali. Siri yake haikuwa ya ajabu. Hakubishana naye kwa neno wala kwa tendo alipokuwa amewaka. Alingoja mpaka moto ushuke, ndipo akamweleza taratibu mahali alipokosea. Isidhaniwe kwamba jambo hili ni amri kwa mke kuvumilia fimbo. Mume ampigaye mkewe ana dhambi, na Monika hakupigwa. Linalofundishwa hapa ni kwamba mtu mkali aweza kuambiwa ukweli, lakini kuna saa yake. Patrisi alibatizwa kabla ya kufa kwake. Mkewe alikuwa amemngoja miaka mingi.

Wala Monika mwenyewe hakukosa tabia yake. Alikuwa mama wa kushikilia. Mwanawe alipotaka kwenda Roma mwaka 383, alimfuata mpaka pwani, akamng'ang'ania asiende bila yeye. Agustino akamdanganya, akapanda merikebu usiku, mama akabaki akilia. Mtakatifu alikubali baadaye kwamba lile lilikuwa kosa lake yeye mwana. Lakini hakuficha kwamba katika kilio cha mama ulikuwamo pia upendo wa kibinadamu uliozidi kipimo. Yafaa wakatekumeni wajue habari hii, wasije wakadhani kwamba watakatifu walizaliwa bila tabia.

Baba mkali hudhani amefaulu kwa sababu nyumba yake ina kimya. Akiingia, wote husimama. Watu wa Buluo hawana haja ya kuelezwa kwamba kimya si malezi: gereza lililoko kwao lajulikana mbali, na mle ndani utii ni mwingi. Mtoto aliyelelewa kwa hofu hutii macho. Macho yakigeuka, naye hugeuka. Kwa hiyo baba huyo huyo hushangaa kusikia kwamba mwanawe, aliyekuwa hawezi hata kuinua uso mbele yake, ameonekana akiiba sokoni mchana. Mtume Paulo, katika nyaraka zake kwa Waefeso na Wakolosai, aliwaonya akina baba juu ya jambo hili hili, wasiwachokoze watoto hata mioyo yao ikavunjika. Ni ajabu kwamba aliwataja baba kwa jina katika onyo hilo, wala hakuwaacha wajifiche nyuma ya neno wazazi.

Tabia ya hofu haina kelele kama hasira, na kwa hiyo haionyeki upesi. Mama mwenye moyo wa kuhangaika hupenda sana, lakini huona hatari kila mahali. Mtoto asiende mtoni, asicheze na hawa, asile kwa wale. Nyakati za amani ni jambo dogo, hata majirani hucheka. Nyakati za dhiki ni jambo jingine, maana hofu hutafuta mwenye kosa. Baba amekosa kazi, mtoto mchanga amekufa, biashara imelala. Na nyumbani yupo mtoto mmoja, pengine yatima wa ndugu au mwana wa mke wa kwanza, ambaye hukojoa kitandani, husema usingizini, hana adabu, au ana akili kuliko umri wake. Ndipo hutokea mtu anayejiita nabii na kusema: mchawi ni huyu.

Jambo hili limeenea katika miji ya Kongo tangu miaka ya 1990, na Katanga haikusalimika. Watoto wamenyimwa chakula, wamefungwa, wamechomwa, wamefukuzwa usiku. Wasalesiani wa Lubumbashi, katika nyumba zao zenye jina la Mwenye Heri Bakanja, wamewapokea watoto wa barabarani kwa miaka mingi, na miongoni mwao wamo waliotupwa nje kwa neno hilo moja. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumshtaki mtoto uchawi, na kumwekea adhabu anayefanya hivyo. Lakini mkatekumeni asingoje askari. Siku ya Ubatizo wake ataulizwa kama anamkataa Shetani na kazi zake zote, naye atajibu kwamba anamkataa. Anawezaje kumkataa Shetani kanisani, naye amekwisha kulibandika jina lake juu ya mtoto wa miaka sita nyumbani? Mtoto akojoaye kitandani anahitaji godoro la kuanikwa, mama asiyemtangaza kwa majirani, na pengine mganga wa hospitali. Na mzazi ambaye moyo wake unapiga mbio kila saa anahitaji mtu wa kukaa naye, kumsikiliza na kusali naye. Asipompata, atamsikiliza yule nabii.

Ulegevu nao ni tabia, tena hupendwa na watu, kwa kuwa mlegevu hana maneno. Kuhani Eli aliambiwa maovu ya wanawe, akawakanya kidogo kwa mdomo, akaenda kulala. Maandiko Matakatifu yaeleza mwisho wao. Mfalme Daudi, aliyempiga Goliati, hakuwahi hata siku moja kumwuliza mwanawe Adoniya kwa nini afanya hivi au vile. Shujaa vitani aweza kuwa mwoga mbele ya kijana wake mzuri wa sura. Inatosha kwa hayo.

Basi je, mtu aweza kuigeuza tabia yake? Wengi husema hapana: ndivyo nilivyozaliwa, hata baba yangu alikuwa hivi. Mwaka 2009 wataalamu wa Uholanzi na wenzao walikusanya pamoja uchunguzi 30 uliowahusu wazazi na watoto karibu 6,000. Waliona kweli kwamba wazazi wapole, wenye bidii, wachangamfu na wasio wepesi wa kuhangaika huelekea zaidi kulea kwa uchangamfu na kwa utaratibu pamoja. Lakini waliona pia kwamba nguvu ya uhusiano huo ni ndogo. Maana yake, mtu mkali huvutwa kuelekea malezi makali, ila havutwi kwa mnyororo. Hapo ndipo Kanisa limeweka mafundisho yake siku zote: neema haimwumbi mtu mwingine mahali pa yule wa kwanza, humshika huyu huyu mkali na kumfundisha kungoja kidogo.

Mfano ulio karibu na mioyo ya Wakristu wa misioni ni jamaa ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, msimamizi wa misioni tangu mwaka 1927. Baba yake, Louis Martin, alikuwa mtengenezaji wa saa katika mji wa Alençon, Ufaransa, mtu wa kimya, mpenda kuvua samaki na kusali peke yake. Mama yake, Zélie, alifuma lesi na kuongoza wafumaji wengine. Alikuwa mwepesi, mwenye kuhangaika, halali mapema, mwenye barua nyingi. Walioana mwaka 1858, wakapata watoto tisa, wanne wakafa wadogo. Huyo Zélie alilelewa na mama mgumu. Katika utoto wake hakupewa hata mwanasesere mdogo, na moyo wake, asema mwenyewe katika barua, uliumia sana kwa ukali ule. Mtu wa namna hiyo angeweza kulipiza kwa binti zake pasipo kujua, kama wengi wafanyavyo. Zélie aliamua kuwapa binti zake mapenzi ambayo yeye hakuyaonja. Si kwamba asili yake ilibadilika. Aliendelea kuhangaika mpaka mwisho. Lakini alijua tabia yake inatoka wapi, akaikalia macho.

Hata hivyo alishindwa na mtoto mmoja. Léonie, aliyezaliwa mwaka 1863, alikuwa mgonjwa utotoni, mzito wa kujifunza, mkaidi; shule ya masista ya Le Mans ilimrudisha nyumbani zaidi ya mara moja. Mama alijaribu upole, akajaribu ukali, akaandika kwamba haelewi moyo wa mtoto huyu. Ndipo mwaka 1877 dada yake mkubwa akagundua kwamba mtumishi wa nyumba alikuwa amemtawala Léonie kwa vitisho kwa siri, hata akawa hathubutu kumtii mtu mwingine. Jambo hilo lilitendeka chini ya pua ya mama mwenye bidii na mcha Mungu, aliyeangalia lesi, na wagonjwa, na maskini, na hesabu. Zélie alihuzunika sana. Alikuwa tayari na ugonjwa wa kansa, na miezi iliyobaki ilikuwa michache. Akaitumia kumkalisha Léonie karibu naye. Mtoto akaanza kufunguka. Mama akafa tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Léonie alijaribu utawa mara tatu, akarudi nyumbani mara tatu. Mara ya nne, mwaka 1899, akaingia kwa Wavisitasio wa Caen, akakaa mpaka kufa kwake mwaka 1941. Wazazi walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, na mwaka huo huo ilifunguliwa kesi ya kumwombea Léonie atajwe mwenye heri. Yule aliyewashinda walimu!

Katika habari hiyo yafaa kutazama pia kwamba Louis na Zélie hawakuwa na tabia moja. Utulivu wa mume ulipoza wasiwasi wa mke, na wepesi wa mke ulimwamsha mume katika ukimya wake. Huko Musonoi, karibu na Kolwezi, tangu mwaka 1953, Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliwakusanya wafanyakazi wa migodi na wake zao, akazungumza nao juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Kusanyiko hilo likaitwa Jamaa, likaenea Katanga yote. Baadaye yalizuka ndani yake makundi ambayo maaskofu walilazimika kuyawekea mipaka. Lakini fundisho lake la kwanza lilikuwa zuri: kwamba mtu hawi baba kwa kuzaa tu, wala mama kwa kunyonyesha tu, ubaba na umama huanza pale mume na mke wanapofunguliana mioyo. Baba ambaye mkewe hawezi kumwambia "jana ulimpiga mtoto bure", huyo amekosa msaada mkubwa kuliko mshahara. Na mke ambaye mumewe hawezi kumwambia "mama, mwache mtoto aende mtoni na wenzake", hasara yake ni hiyo hiyo.

Wapo wakatekumeni ambao wakisikia mambo haya hawafikiri watoto wao, hufikiri wazazi wao. Wamelelewa vibaya, nao wameambiwa tangu utoto kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Hao na wamtazame Mwenye Heri Anuarite, binti wa Wamba, aliyezaliwa mwaka 1939. Nyumba yao ilikuwa ya mabinti sita, hapakuwa na mtoto wa kiume. Baba yake alitaka mwana wa kiume, akamwacha mama yake, akaoa mke mwingine. Kosa la binti lilikuwa kuzaliwa binti. Jeraha kama hilo huzaa watu wenye uchungu. Tena katika nyumba nyingi limezaa ndoa za uchungu mpaka kizazi cha tatu. Anuarite alimsamehe baba yake. Hakusema kwamba baba hakukosa. Aliuchukua msamaha huo pamoja naye katika utawa wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka, na tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, kinywa chake kilikwisha kuzoea neno hilo: alimsamehe pia askari mkubwa aliyekuwa akimwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Katika Kwaresima ya mwisho kabla ya Ubatizo, Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, Kanisa huwasimamisha wakatekumeni mbele ya taifa la Mungu na kuwaombea, ili yaliyo dhaifu mioyoni mwao yafunuliwe na kuponywa. Wengi hujitayarisha kwa kuhesabu wizi, uongo na uzinzi. Mwenye watoto aweza kuongeza zoezi moja la nyumbani. Jioni moja, chakula kikiisha kuliwa, na amwite mtoto wake mwenye umri wa kusema, amketishe karibu, wala si mbele yake kama hakimu, amwulize jambo gani la baba au la mama humtia hofu. Mara ya kwanza mtoto atasema hakuna. Mzazi na amwulize tena kesho yake, kwa sauti ya chini. Siku mtoto atakapojibu, pengine jibu litakuwa dogo la kuchekesha, kama vile jinsi baba avuavyo mkanda kabla ya kulala, au jinsi mama anyamazavyo. Asicheke. Asijitetee. Kama alikosa, na amwombe mtoto radhi kwa jina lake, kisha wasali pamoja Baba Yetu, polepole, mtoto akitangulia.